Kiti Kilichofungwa kwa Namba

Kiti kilizimika Jumanne moja ya Februari, asubuhi, katikati ya jiko, Caz akiwa njiani kutoka mezani kwenda kwenye jokofu kuchukua maziwa. Hakikulia wala kutoa moshi. Kilisimama tu, kama punda aliyekata shauri, na kwenye kioo kidogo karibu na mkono wake wa kulia ikatokea picha ya kufuli na maneno matatu: Wasiliana na fundi.

"Dada!" Caz akaita. "Njoo uone. Nimeegeshwa."

Wanda Jaroszek alitoka chumbani na kiatu kimoja mguuni. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, mpishi wa shule ya msingi ya Harlow Point, na asubuhi hiyo alikuwa na kuku wa watoto mia tatu wanaomsubiri kwenye tanuri. Mdogo wake Casimir, ambaye mji mzima ulimwita Caz, alikuwa fundi wa mapaa mpaka Novemba moja yenye barafu alipoteleza juu ya kanisa la Walutheri akaanguka ghorofa mbili. Miguu haikurudi. Mikono ilirudi nusunusu, wa kulia zaidi ya wa kushoto. Ulimi ulibaki mzima kabisa. Tangu hapo, dada mjane na mdogo wake aliyeachana na mkewe walikuwa wakiishi pamoja katika nyumba ya wazazi wao, mitaa miwili kutoka ziwani.

Wanda alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kufuli. Akakizima, akahesabu hadi kumi, akakiwasha. Kufuli. Akajaribu kukisukuma, lakini kiti kilikuwa na ratili mia nne bila ya Caz, na magurudumu yalikuwa yameng'ata sakafu.

"Usijiumize," Caz alisema. "Niletee kahawa tu, hapa ni mahali pazuri. Naona jokofu, naona dirisha. Wengine wanalipa kwa mandhari kama haya."

Wanda hakucheka. Kiti hicho kilijua kwenda, lakini kilichomweka Caz hai ni kwamba kilijua pia kulala. Kila nusu saa alikuwa akibonyeza kitufe, kiti kikainama nyuma taratibu, na uzito wake ukahama kutoka makalioni kwenda mgongoni. Mtu asiyehisi makalio yake hajui lini yameanza kuoza. Daktari aliwaambia hivyo, kwa maneno hayohayo, na Wanda hakuyasahau.

Akachukua simu.

"Asante kwa kupiga simu Veloran, ambako mwendo wako ni fahari yetu," ilisema sauti laini ya kike. "Mimi ni Bridget, msaidizi wako wa kidijitali. Niambie kwa maneno machache: nikusaidie nini?"

"Kiti cha mdogo wangu kimekufa."

"Pole sana kwa msiba uliokupata," akasema Bridget. "Je, ungependa kurudisha kifaa cha marehemu?"

Caz aliangua kicheko mpaka mabega yakatikisika. "Mwambie marehemu anaomba sukari kwenye kahawa!"

"Hajafa mtu! Kiti ndicho kilichokufa!"

"Samahani, sijakuelewa. Sema 'kurudisha', 'malipo', au 'mengineyo'."

"Mengineyo!"

"Umesema 'malipo'. Tafadhali subiri."

Alisubiri dakika hamsini, akisikiliza kinanda kilekile. Kuku wa watoto walipikwa na mtu mwingine siku hiyo. Hatimaye alipatikana binadamu, kijana mpole aliyezungumza kutoka mahali ambapo jogoo walikuwa wakiwika nyuma yake. Alimwambia kwamba fundi lazima aje mwenyewe, kwamba mafundi wa upande wote wa kaskazini mwa jimbo ni wawili, na kwamba zamu yao itafika baada ya wiki sita hadi kumi.

"Wiki? Mwanangu, huyu mtu amekwama katikati ya jiko langu!"

"Naelewa, mama. Nitaandika kwamba ni haraka."

"Ukiandika haraka, inakuwa wiki ngapi?"

"Sita hadi kumi, mama," akasema kijana, na kwa sauti yake ilisikika kwamba naye hakupenda jibu hilo.

Zamani haikuwa hivyo. Zamani palikuwa na duka la viti vya magurudumu la Grabiec pale Mtaa wa Nne. Ukimpigia mzee Grabiec saa tatu, saa nane yuko mlangoni na bisibisi mfukoni na maandazi mkononi. Kisha Veloran wakaja, wakanunua duka lake pamoja na maduka mengine arobaini, wakayafunga yote ndani ya mwaka mmoja. Grabiec akahamia kwa binti yake mahali pasipo na theluji.

Aliyekuja saa nane siku hiyo alikuwa Odell Fenner, jirani wa upande wa pili wa barabara, mzee mweusi mrefu aliyefanya kazi miaka thelathini na minne akitengeneza mitambo ya kiwanda cha vioo vya magari. Yeye na Wanda walimfunga Caz mikanda, wakamnyanyua kwa winchi ya magurudumu waliyoitoa chumbani, wakamlaza kitandani. Kisha Odell akavua kofia, akapiga magoti sakafuni na tochi mdomoni, akafungua mfuniko wa kiti. Haikupita nusu saa akaita.

"Nimempata mchawi. Njoo umwone."

Ulikuwa waya mmoja mwembamba, chini ya kile kijiti cha kuendeshea, uliosagika kwa kusuguana na chuma. Odell aliuunga, akaufunga kwa utepe mweusi, akawasha. Kioo kikaangaza. Kisha kikaandika: Kifaa kimefunguliwa. Ingiza namba ya fundi.

"Namba gani?" Wanda aliuliza.

"Yao." Odell aliketi juu ya visigino vyake. "Kiti kizima, Wanda. Sasa hivi hakina ugonjwa wowote. Kinangoja ruhusa."

"Huwezi kukidanganya?"

"Mashine ya zamani ningeidanganya, hata ya Mjerumani. Hii ni kompyuta iliyovaa magurudumu. Nikikosea mara tatu inajifunga moja kwa moja."

Akazima tochi. Akakaa hapo muda, mkono wake juu ya gurudumu, kama mtu anayempapasa mbwa asiye wake.

Waliazima kiti cha kusukuma kutoka stoo ya parokia. Kilikuwa cha kitambaa, kimebonyea katikati, na hakikuinama popote. Wanda alikitandika mto, na juu ya mto ngozi ya kondoo, na akaweka saa ya jikoni ilie kila nusu saa amwegemeze Caz upande huu na upande ule. Wanda alipokuwa kazini, Odell alikuja kumwegemeza. Odell naye alipokuwa na miadi ya kliniki, hakuna aliyekuja.

Jioni walibishana siasa, kama kawaida yao. Caz alikuwa wa chama cha wekundu na Wanda wa chama cha buluu, na uani mwao kila msimu wa uchaguzi palisimama mabango mawili, moja kila upande wa njia, watu wakapita wakicheka. Caz alimwita dada yake "komredi". Dada yake alimwita "mheshimiwa". Televisheni ilipopiga kelele, nao walipiga.

"Ni matajiri wako hao, mheshimiwa, ndio wamemnunua Grabiec."

"Na ni sheria zenu, komredi, makaratasi juu ya makaratasi, ndizo zilizomchosha akauza!"

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo halikuwagawa, na Odell ndiye aliyewaletea. Muswada. Katika bunge la jimbo palikuwa na muswada wa kurasa nne tu, wa kulazimisha kampuni ziwape wenye viti namba za kutengenezea viti vyao wenyewe. Mmoja wa wajumbe wa kamati alikuwa mbunge wao, Todd Langenfeld, mwekundu, ambaye Caz alikuwa amempigia kura mara tatu.

Langenfeld alikuja mwenyewe Ijumaa ya pili ya Kwaresima, kwenye ukumbi wa parokia, wakati watu wote wa Harlow Point wamejipanga foleni na trei zao kungojea samaki wa kukaanga na pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vyenye viazi ndani. Alikuwa amekunja mikono ya shati. Alipita meza kwa meza, akiwashika watu mabega. Alipofika kwa Caz alichuchumaa ili nyuso zao ziwe sawa, na Wanda, asiyetaka kumpenda, alikiri moyoni kwamba si wengi waliofanya hivyo.

Caz alimweleza yote: waya, namba, wiki kumi.

"Hii ni aibu," Langenfeld alisema. "Mtu anunue kitu chake, halafu aombe ruhusa kukitengeneza? Hii si Marekani ninayoijua mimi. Njoo mjini, Caz. Njoo utoe ushahidi. Watu wa kule wanahitaji kukuona."

"Na kura yako?" akauliza Wanda.

"Kura yangu mnayo, mama." Akamshika mkono kwa mikono miwili.

Alipoondoka, Caz alimtazama dada yake huku akitafuna samaki polepole. "Umeona? Chama cha watu wa kawaida."

"Nimeona mikono laini," Wanda alisema. Lakini siku hiyohiyo akaomba ruhusa kazini, na yeye ndiye aliyepiga simu kuandikisha jina la Caz, na yeye ndiye aliyemwambia mara tatu, alipositasita kwa ajili ya safari ndefu, kwamba wasipokwenda watu kama wao nani atakwenda? Jambo hilo alilikumbuka baadaye, kila alipofumba macho.

Waliondoka saa kumi na moja alfajiri kwa gari la parokia, Odell akiwa kwenye usukani. Ilikuwa safari ya saa tatu, theluji imegeuka uji pembeni mwa njia. Kila walipoweza walisimama wamwegemeze Caz, lakini alikuwa amevaa suti ya harusi ya marehemu baba yao na hakutaka ikunjamane.

"Niache, dada. Nikifika nimepinda watadhani nimekuja kuomba."

Walipangiwa saa nne. Kamati ikaanza saa saba. Kulikuwa na miswada mingine kwanza: wa leseni za vinyozi, wa kubadili jina la daraja. Wanda alimsogeza Caz kushoto, akamsogeza kulia, katika ukumbi wenye mazulia mazito na picha za wanaume wenye ndevu. Zamu yao ilipofika, palikuwa na taa ndogo mezani, ya kijani, ya njano na nyekundu. Kila shahidi alipewa dakika tatu.

Caz alisogezewa kipaza sauti. Wanda aliona jasho juu ya mdomo wake.

"Naitwa Casimir Jaroszek," alisema. "Nimeezeka mapaa miaka ishirini na mbili. Baadhi yenu pengine mmelala chini ya kazi yangu na hamjalowa. Nilipoezeka paa, lilikuwa la mwenye nyumba. Sikumwachia kufuli. Kiti changu kipo nyumbani, kizima. Rafiki yangu yule pale amekitengeneza kwa waya wa senti kumi. Kinataka namba. Mimi sidai mnipe pesa, sidai mnionee huruma. Nipeni namba."

Taa ilikuwa bado ya kijani. Alikuwa ametumia dakika moja. Akatazama huku na huku, akaegemea nyuma. Wanda akahisi, kwa mara ya kwanza tangu Februari, kifua chake kinafunguka.

Kisha akaitwa mwanamke wa Veloran, nadhifu, mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea. Alisema kampuni yake imeguswa sana na maneno ya Bwana Jaroszek. Alisema usalama wa wateja ndio kwanza. Akawauliza wajumbe: je, wangependa mtu yeyote tu mwenye bisibisi aguse kifaa cha tiba ambacho uhai wa mgonjwa unakitegemea?

Nyuma ya ukumbi Odell alinong'ona, lakini kwa sauti ya mtu aliyezoea kelele za kiwanda: "Miaka thelathini na minne, leo nimekuwa mtu yeyote."

Watu wawili watatu walicheka. Mwenyekiti akagonga meza.

Ndipo Langenfeld, aliyekuwa muda wote akitazama simu yake, akainua mkono. Alishukuru kwa ushahidi huo mzito. Alisema suala ni gumu na linahitaji kutazamwa kwa kina. Aliomba muswada uahirishwe hadi kikao cha mwaka ujao.

"Kuna anayeunga mkono?" akauliza mwenyekiti.

"Naunga mkono," akasema Patrice Ambler.

Wanda aligeuka kama aliyepigwa kofi. Ambler alikuwa wa buluu. Vuli iliyopita Wanda alikaa kwenye meza ya jikoni kwake akimwandikia kadi mia mbili kwa mkono wake, akiwaomba watu asiowajua wampigie kura, kwa sababu alimwona kwenye televisheni akisema kampuni kubwa zimezidi. Sasa mikono ikainuka, wekundu na buluu, kumi na moja kati ya kumi na moja. Ilichukua muda mfupi kuliko muswada wa jina la daraja.

Alimkuta Langenfeld karibu na lifti.

"Ulisema kura yako tunayo!"

"Na mnayo, mama." Uso wake ulikuwa na upole uleule wa siku ya samaki. "Sijaupinga. Nimeuahirisha."

"Mdogo wangu hana mwaka wa kuahirisha."

"Nitamwambia mtu wa ofisini kwangu awapigie." Lifti ikafunguka. Ndani alikuwamo yule mwanamke wa Veloran, akamshikia mlango.

Njiani kurudi Caz akasema, akiangalia giza la mashamba, "Angalau wamekubaliana kwa jambo moja, komredi."

"Nyamaza, Caz."

"Miaka yote tunarushiana maneno mimi na wewe. Mimi nikasusa Krismasi moja, unakumbuka? Kumbe wenyewe wanapanda lifti moja."

Odell aliwasha redio, akaizima.

Siku ya pili yake, akimwogesha, Wanda aliliona. Duara jekundu chini ya mfupa wa makalio, ukubwa wa sarafu, na katikati yake rangi ya zambarau iliyoiva. Alibonyeza kwa kidole. Wekundu haukuondoka. Akabaki ameshika taulo, maji yakimtiririka viganjani.

"Kuna nini huko nyuma?" aliuliza Caz. "Umenyamaza, na wewe hujui kunyamaza."

"Kuna alama."

"Kubwa?"

"Ndogo."

"Basi usilie mgongoni kwangu, maji yenyewe yamepoa."

Baada ya wiki mbili sarafu ilikuwa shimo. Baada ya tatu, Caz alishikwa na homa, akaanza kumwita Wanda kwa jina la mama yao. Hospitalini walimwambia uozo umefika kwenye mfupa. Walimkata nyama iliyokufa, wakamtundikia dawa za mshipa, wakamlaza kifudifudi. Kila siku baada ya kazi Wanda alikaa kwenye kiti kando yake, kichwa amekilaza upande ili aweze kumwona usoni. Simu yake ililia mara nyingi wiki hizo. Ilikuwa Bridget, akiuliza kama ameridhika na huduma, na ampe nyota ngapi.

Fundi wa Veloran alikuja wiki ya kumi na moja, siku ya Alhamisi, mchana. Alikuwa mtu mfupi wa makamo, Ignacio Bustos, macho mekundu ya barabara. Alivua viatu mlangoni bila kuombwa.

"Samahani, mama. Wanasema wawili, lakini mwenzangu aliacha kazi Januari. Ni mimi peke yangu." Akaangalia jikoni, akakiona kiti palepale kilipoachwa. "Mwenyewe yuko wapi?"

"Hospitali. Kidonda kimeingia mfupani."

Bustos alichuchumaa, akaangalia waya alioufunga Odell. "Nani kaunga hapa?"

Wanda alisita. "Jirani."

"Kazi safi. Mimi nisingeunga vizuri hivi." Akachomeka simu yake kwenye kiti, akaandika namba. Kioo kikaangaza kijani. Kiti kikatoa mlio mfupi wa furaha, kama mashine zinavyolia, na magurudumu yakaachia sakafu.

Wanda aliangalia saa ya ukutani. Fundi alikuwa ameingia saa nane na dakika nne. Sasa ilikuwa saa nane na dakika kumi na tatu.

"Ndiyo hiyo?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, mama." Hakumtazama machoni. Kisha akakunja uso kwenye simu yake. "Kuna tatizo. Programu hii haifungi kazi bila picha ya mtumiaji ameketi. Nisipofunga, baada ya saa moja kinajifunga tena, na wao wanaandika kwamba mteja hakuwepo. Mnarudi mwisho wa foleni."

"Nikupe picha yake ya zamani?"

"Inataka ya sasa hivi. Inapima mtu na kiti pamoja." Akakwaruza kidevu. "Haitaki uso. Inataka mtu tu."

Walitazamana. Wanda akavua aproni yake ya shule, akaitundika mlangoni, akaketi.

Miaka minne alikuwa amekisafisha kiti hicho, amekichaji, amemfunga na kumfungua Caz mikanda, na hata siku moja hakuwahi kukikalia. Kilikuwa kimebonyea kwa umbo la mdogo wake. Mahali pa mkono wa kulia ngozi ilikuwa imelainika kwa kushikwa. Aliweka mkono hapo.

"Kaa vizuri, mama. Miguu juu ya vibao." Bustos aliinua simu. "Sasa inataka mtumiaji ajaribu kuinama."

Alibonyeza. Kiti kikaanza kumlaza, polepole, bila mtikisiko, na aliona dari ya jikoni ikija: madoa ya mvuke, buibui pembeni, taa yenye nzi wawili wakavu ndani. Uzito wake ukamtoka makalioni ukaenda mgongoni. Ilikuwa rahisi namna hiyo. Machozi yalimtoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni, na kwa kuwa alikuwa amelala chali hakuweza kuyaficha.

"Imekubali," Bustos alisema kwa sauti ndogo. Hakumwambia anyanyuke. Alikwenda kusimama dirishani, mgongo kwake, akaangalia uani mpaka aliposikia kiti kinarudi juu.

Mlangoni, akivaa viatu, alisema, "Ningekuandikia namba hii, mama. Naapa. Lakini wanaibadilisha kila siku, na wanajua kila mahali nilipoitumia."

"Nenda, mwanangu. Una safari."

Caz hakurudi nyumbani. Madaktari walisema asikae kabisa mpaka kidonda kizibe, pengine mwaka, pengine zaidi, na alihitaji kugeuzwa kila saa mbili, mchana na usiku. Wanda alisema ataacha kazi. Odell alimkalisha chini akamwuliza bima ya Caz inatoka kazi ya nani. Kwa hiyo akapelekwa kwenye nyumba ya wagonjwa huko Brantley, dakika arobaini kwa gari, chumba cha watu wawili. Lilikuwa ndilo jambo pekee ambalo Caz, tangu siku alipoanguka, alimwomba dada yake asilifanye. Siku ya kumpeleka hakumkumbusha.

"Chakula kinaonekana kizuri kuliko chako," ndilo alilosema, akiwa amelala ubavu.

Kiti kilibaki jikoni. Kila Jumapili Wanda alikichomeka umeme, kwa sababu betri ikifa kabisa nayo inataka namba.

Oktoba karatasi za kura za posta zilifika, ya Wanda na ya Caz. Alizipeleka Brantley pamoja na supu ya shayiri. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa na televisheni inayopiga kelele za uchaguzi, mtu akimtukana mtu. Wanda aliipunguza sauti, akavuta kiti, akaweka karatasi ya Caz juu ya kitabu.

"Haya, mheshimiwa. Nikushikie kalamu, au nikujazie?"

"Jaza wewe."

"Nani kwa nani?"

"Unavyotaka."

Alifikiri anatania. "Nitaweka buluu kutoka juu mpaka chini. Marehemu baba atageuka kaburini."

"Weka." Macho yake yalikuwa kwenye ukuta, palipobandikwa ratiba ya kumgeuza. "Saa ngapi sasa? Wanakuja saa tisa."

"Caz, nasema buluu. Nakuibia kura yako mchana kweupe."

"Nimesikia, dada."

Wanda alingoja. Angetoa chochote wakati huo amwite komredi, amtukane, asuse. Aliona kwamba amekonda shingoni, na kwamba ndevu zake zilikuwa zimenyolewa na mtu mwenye haraka. Akakunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha bila alama yoyote. Ya kwake pia hakuijaza. Aliibeba kwenye mkoba wiki tatu, ikachanika pembe.

Langenfeld alirudi bungeni. Jina lake lilikuwa peke yake kwenye karatasi ya kura; hakuna aliyesimama kumpinga.

"Kula supu," Wanda alisema siku ile ya karatasi za kura, akiinua kijiko. "Nimeweka uyoga."

Caz akafungua mdomo.